Safari ya Obokote: batri iliyotulaza njiani

Juma lililopita barua yetu haikutoka siku yake, na wengi wenu mlikuja kuuliza nyumbani kama kuna mgonjwa. Hakukuwa na mgonjwa. Tulikuwa njiani, tumelala kijijini tusikokupanga, kwa sababu ya batri ya gari ambayo haikufungwa. Leo tunawasimulia safari ile yote, maana tunaona inawahusu wote wanaopanda magari, na katika Maniema yetu nani asiyepanda gari la watu siku moja?

Tulikuwa wamama wanane. Pesa ya likelemba ilikuwa imetimia, tukakubaliana kwenda Obokote kununua mawese na mchele wa kuuza Kindu. Obokote ni sekteri ya teritwari ya Lubutu, kaskazini kabisa ya mkoa wetu, karibu na mstari wa ikweta. Kwa sisi wa Kindu, kule ni kama mwisho wa nyumba: tunajua ni chumba chetu, lakini hatuingii kila siku.

Kabla ya kuondoka tulibishana na shofere juu ya bei siku mbili nzima. Kumbukeni neno hilo, tutalirudia.

Siku ya kwanza tulivuka Lualaba alfajiri kwa mtumbwi wa mota, ukungu ukiwa bado juu ya maji, tukamkuta shofere anatungoja upande wa Alunguli na Land Cruiser yake ya wazi nyuma. Tulipanga mabidoni matupu, magunia, sufuria moja, na watoto wawili wa kunyonya pamoja na mama zao tukawaweka mbele. Tukaomba, tukaenda.

Anayetoka Kindu kwenda Lubutu upande huu wa kuume wa Lualaba anahesabu safari yake kwa mito. Kwanza Elila, kisha Ulindi, kisha Lowa. Yote mitatu inatoka milima ya mashariki na kumwagika Lualaba. Katikati ya mito ni pori, vijiji vyenye nyumba za udongo na paa za majani, watoto wanaokimbia kando ya gari, na udongo mwekundu. Kule mvua haina msimu wa kupumzika hasa. Inanyesha karibu mwaka mzima, na malori yakipita siku ya mvua yanachimba mitaro ambayo jua likiwaka inakauka na kuwa migumu kama tofali. Gari dogo likiingia humo linaruka kama mbuzi. Tuliketi juu ya magunia, tukashikana mikono, tukaimba ili tusisikie maumivu ya mgongo.

Tulilala Punia, na kesho yake jioni tukafika. Wakumu wa kule walitupokea vizuri. Tulikula lituma, ile ndizi ya kupondwa, pamoja na samaki wa mtoni, na wamama wa kijiji wakatuonyesha mawese yao mekundu, mapya, yenye harufu ya moto. Tulikaa siku mbili tukipima na kuhesabu. Waliotutangulia kwa umri walituonyesha pia barabara kubwa inayotoka Kisangani kupitia Lubutu kwenda Bukavu, na wakatukumbusha habari ya Tingi-Tingi, karibu na Lubutu, ambako mwisho wa 1996 na mwanzo wa 1997 wakimbizi wengi sana walikaa na kufa, na ndege za msaada zilitua juu ya barabara yenyewe. Mama mmoja wa kule alituambia alikuwa msichana, na kwamba hata leo akisikia ndege anahesabu watoto wake. Hatukuwa na la kumjibu. Tulikaa naye tu.

Kurudi ndiko kulikotufundisha.

Gari lilikuwa limejaa sasa: mabidoni ya mawese, magunia ya mchele, ndizi juu yake, na sisi juu ya ndizi. Tulipovuka Lowa jua lilikuwa linaanza kushuka. Shofere alitaka kufika Punia kabla ya usiku kuwa mkubwa, akakaza mwendo. Akawasha taa. Katika shimo la kwanza taa zikazimika, zikarudi. Katika shimo la pili zikazimika tena, na tukasikia mlio kama wa kijiti kinachovunjika: ta! Mmoja wa wamama waliokaa mbele, mwenye mtoto, akasema anasikia harufu ya mpira unaoungua.

Shofere akasema, «Wamama, ni kawaida ya gari hili. Inaenda tu.»

Mama mzee wetu, ambaye alikuwa nyuma pamoja na sisi, akapiga bati la gari kwa mkono. «Mwanangu, simamisha. Kama ni kawaida, tutaitazama hiyo kawaida.»

Akasimama. Akafungua kapo, ile sahani ya chuma inayofunika mota. Tukamulika kwa simu. Batri ilikuwa imeketi juu ya sinia lake bila kitu chochote cha kuishika, imeegemea upande kama mlevi. Palikuwa na kamba moja ya mpira wa zamani wa gurudumu, lakini mafuta yalikuwa yameilainisha na imekatika. Juu ya kichwa kimoja cha batri, kile chenye alama ya +, palikuwa na alama nyeusi, na chini ya kapo, mahali palepale, alama nyingine nyeusi. Kila gari liliporuka, batri nayo iliruka, na kichwa chake kikabusu chuma cha kapo.

Hatukuwa mafundi. Lakini shofere mwenyewe, alipoona ile alama, alinyamaza. Kisha akatueleza, na tangu siku ile tumeuliza mafundi wengine wawili hapa Kindu, na wote wamesema mambo yaleyale. Tunayaandika kwa maneno ya nyumbani ili kila mama aelewe.

Batri ya gari kama lile ina uzito wa kilo 20 hivi, sawa na bidoni ya mawese ya lita 20. Hebu fikiri bidoni kama ile inayoruka ovyo ndani ya gari. Umeme wake ni volti 12 tu, na volti 12 hazimpigi mtu kama umeme wa nyumba. Ndiyo maana watu wanaidharau. Lakini batri ina nguvu ya kutoa umeme mwingi sana kwa mara moja, kwa sababu kazi yake ni kuzungusha mota nzito inapoamshwa. Mwili wote wa gari umeunganishwa na upande wa − wa batri. Kwa hiyo kichwa cha + kikigusa kapo au chuma chochote cha gari, umeme wote unapita hapo bila kizuizi. Cheche zinaruka, nyaya zinapata moto, mipira yao inayeyuka, na gari linaweza kuungua. Nasi tulikuwa tumeketi juu ya mawese, na tangi la mazutu liko chini yetu.

Kuna hatari ya pili. Ndani ya batri kuna maji ya asidi kali. Ikipinduka au ganda lake likipasuka, asidi inamwagika na kula chuma, nguo na ngozi. Na batri inapochajiwa na mota inayotembea, inatoa hewa ambayo haionekani wala haina harufu, lakini inawaka haraka sana. Cheche ikiikuta, batri inaweza kupasuka kama bomu dogo na kurusha asidi usoni mwa aliyeinama kuitazama.

Na hatari ya tatu ni ya pesa. Ndani ya batri kuna sahani nyembamba za madini ya risasi, yale ambayo wengi tunaita plombu. Zikitikiswa kila siku, unga wake unaanguka chini, unajikusanya, mwisho unaunganisha sahani na sahani, batri inakufa. Batri iliyofungwa vizuri inaishi kuliko ile inayorukaruka. Waya ukichomoka gari likiwa linatembea, dinamo nayo inaweza kuunguza vyombo vingine vya umeme. Shofere asiyefunga batri yake anadhani amepata faida ya chuma kidogo na skrubu mbili, kumbe ananunua batri mpya kabla ya wakati.

Tukamuuliza: chuma cha kushika batri kilikwenda wapi? Hapo ndipo tuliposikia jambo ambalo, kwa kweli, tulilijua wenyewe. Batri ile ilikuwa inatolewa kila jioni na kuingizwa nyumbani. Sababu moja ni wezi. Sababu nyingine ni taa na simu: nyumba haina umeme, watoto wanataka kusoma, jirani wanataka kuchaji. Kutoa na kurudisha kila siku kunachosha. Kwanza skrubu moja ilipotea, kisha ya pili. Kisha batri ya zamani ikafa, akanunua nyingine ya mitumba iliyo fupi kuliko ile, na chuma kikawa hakiishiki tena. Akafunga mpira. Mpira ukakatika. Kila hatua ilikuwa ndogo.

Akasema pia, kwa sauti ya chini: «Wamama, bei mliyonipa ilikuwa ya mazutu tu.»

Hatukumjibu usiku ule. Lakini ni kweli. Tulibishana siku mbili juu ya bei, na hatukuuliza hata mara moja juu ya gari. Tulitazama kama linabeba mabidoni mangapi. Hatukumwambia afungue kapo. Hatusemi kosa ni letu peke yetu, kwa maana shofere ndiye mwenye roho za watu mikononi. Lakini anayebana bei mpaka mwisho ajue kwamba kitu fulani kimekatwa mahali fulani, na mara nyingi ni kile kisichoonekana.

Basi pale njiani kulikuwa na maneno mawili. Wengine wetu walisema twende polepole, Punia si mbali, ndizi zinaiva, na kesho ilikuwa siku ya posho, soko la Kindu linatungoja. Wengine walisema hapana. Mama mwenye mtoto mchanga aliyekaa mbele hakusema kitu, alishuka tu na mtoto wake akaketi kando ya barabara juu ya jiwe. Hilo ndilo lililokata shauri. Mama mzee akasema, «Mwenye mtoto ameshapiga kura.»

Tukalala kijiji cha karibu. Wamama wa pale, ambao hatukuwajua, walitufungulia kanisa lao, wakatuletea bukari na sombe na maji ya kuoga. Hawakutaka pesa, tukawaachia bidoni nusu ya mawese. Tunawashukuru kupitia barua hii, hata kama haitawafikia.

Asubuhi, kwa mwanga, tulifanya kazi pamoja na shofere. Tunaeleza jinsi ilivyofanywa, maana mmoja wenu anaweza kuihitaji.

Kwanza alizima mota na kutoa ufunguo. Akatuambia tuvue bangili na pete za chuma kila atakayesogea karibu, kwa sababu bangili ikigusa kichwa cha + na chuma cha gari kwa pamoja inakuwa nyekundu kwa moto mkononi mwako. Hakuna aliyevuta sigara wala kuwasha kiberiti. Alianza kufungua waya wa −, kisha wa +. Mpangilio huo una sababu yake: ukishaondoa −, hata ufunguo wa chuma ukiteleza na kugusa gari, hakuna cheche. Katika kurudisha ni kinyume: + kwanza, − mwisho.

Alitazama ganda la batri kama lina ufa. Halikuwa na ufa, tukamshukuru Mungu. Lingekuwa na ufa, tusingelitumia tena. Akaiketisha sawa juu ya sinia, akakata vipande vya mbao laini na kuvigongomea pande zote nne mpaka batri haikusogea tena. Kisha tukatoa kamba ya nailoni tuliyofungia mabidoni, akaipitisha chini ya sinia na juu ya batri mara nne, akaikaza kwa kijiti. Hakutumia waya wa chuma juu ya batri, kwa maana ungeweza kugusa vichwa vyote viwili. Hakuziba matundu madogo ambayo batri inapumulia. Aliangalia kamba isiwe karibu na bomba la moshi wala feni. Juu ya kichwa cha + alivisha kipande cha mpira wa baiskeli, kama kofia, na chini ya kapo akabandika kipande kingine kikubwa.

Mwisho akashika batri kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu. Gari lilitikisika pamoja nayo. Hicho ndicho kipimo: ukitikisa batri, itikise gari. Ikisogea peke yake, haijafungwa.

Hiyo ilikuwa dawa ya njiani tu. Tulikwenda polepole, na kila baada ya vijiji viwili tulifungua kapo kutazama. Punia tukamtafuta fundi wa vyuma. Alikata chuma bapa kwa kipimo cha batri ile, akatengeneza ndoano mbili ndefu zenye skrubu kichwani, akaweka mpira kati ya chuma na batri. Kazi ilichukua muda wa kunywa chai. Bei yake haikufika nusu ya nauli ya mtu mmoja. Tulilipa sisi, kwa pamoja, bila kubishana.

Tulifika Kindu siku moja baada ya soko. Sehemu ya ndizi zilikuwa zimeiva mno, tukaziuza kwa hasara. Mchele na mawese havikuharibika. Watoto wote wawili walifika wamelala.

Sasa, wamama, tuseme na ya nyumbani kwetu, maana si mashofere tu wenye batri. Wengi wetu tuna batri ya taa chini ya kitanda au nyuma ya mlango. Katika safari hii hii, mmoja wetu alikuwa amebeba batri ya kuchajisha, ameifunga katika kitenge na kuilaza ubavu miguuni. Alipofika nyumbani na kufua kile kitenge, kilitoboka matundu kama chujio. Angekuwa amemlaza mtoto hapo, ingekuwa ngozi.

Kwa hiyo tunaombana hivi. Batri ya mzigo isafiri imesimama wima, ndani ya beseni la plastiki, vichwa vyake vimefunikwa, imefungwa isipinduke, mbali na watoto na chakula. Nyumbani ikae mahali penye hewa, si karibu na jiko wala taa ya moto. Asidi ikimwagikia ngozi, vua nguo iliyolowa na mwagia maji safi mengi, kwa muda mrefu, dakika 20. Ikiingia jichoni, maji vilevile dakika 20 jicho likiwa wazi, kisha hospitali bila kungoja kesho. Mtoto akiimeza, msimlazimishe kutapika. Asukutue mdomo kwa maji, na mpelekeni hospitali mara moja.

Na batri iliyokufa tusiivunje uani, wala tusiwaache vijana wayeyushe plombu yake kwa ajili ya nyavu au kuuza. Moshi na vumbi lake vinaingia damuni na kuharibu akili za watoto wadogo. Jirani zetu wa Kenya waliliona hilo Owino Uhuru, Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha batri kuukuu kilitia sumu mtaa mzima. Mama mmoja aliyefanya kazi kiwandani, Phyllis Omido, mtoto wake mwenyewe alikutwa na plombu damuni. Akawakusanya wenzake wakapigana mpaka kiwanda kikafungwa, na mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Mwaka 2020 mahakama iliamua watu wa mtaa ule walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Alianza akiwa mama wa kawaida mwenye mtoto mgonjwa.

Tumekubaliana katika chama kwamba tangu leo, kabla ya kukodi gari lolote la safari, wawili wetu watakwenda kulitazama asubuhi, si jioni ya kuondoka. Tutasema kwa adabu: «Papa shofere, tunaomba ufungue kapo.» Tutatazama kama batri ina chuma cha kuishika. Katika magari mengine batri hukaa chini ya kiti cha abiria, basi tutaomba kiti kiinuliwe. Tutamwomba aitikise mbele yetu. Kama haijafungwa, ifungwe kwanza, na kama pesa ndiyo shida, tutaongeza kidogo ya chuma na skrubu katika bei. Shofere mzuri hatakasirika. Anayekasirika kwa sababu ya swali kama hilo, tutamwacha aende na mabidoni ya wengine.

Shofere wetu alikuja juzi kutusalimu. Amemnunulia mke wake batri ndogo ya taa ya nyumbani, ile ya gari haitoki tena jioni. Mama mzee alimpa kikombe cha mchele, kisha akatoka naye mpaka barabarani, akamwambia afungue kapo, akatia mkono wake mwenyewe, akatikisa.

Gari likatikisika.

Mkutano ujao ni siku ya posho kama kawaida. Kila mwenye batri nyumbani aje akituambia imekaa wapi.